Vipimo Viwili vya Nyika ya Pakanga: Uoto Unaofunika Ardhi na Kaboni Inayopita Hewani

Magharibi mwa Marekani, katika majimbo kama Idaho, Nevada, Oregon, Utah na Wyoming, kuna nyika pana ambayo hufunikwa na theluji wakati wa baridi na kukauka kabisa wakati wa joto. Mmea unaoitawala ni kichaka cha rangi ya kijivu ambacho wanasayansi hukiita Artemisia tridentata. Ni jamaa wa mimea michungu ijulikanayo kwa Kiswahili kama pakanga, na jamaa pia wa Artemisia annua, ambayo hulimwa Afrika Mashariki kwa ajili ya dawa ya malaria. Hapa kitaitwa pakanga kubwa. Kwa muda mrefu nyika hiyo ilihesabiwa kuwa ardhi duni, inayofaa kulishia ng'ombe na kupitishia barabara tu. Leo inapimwa kwa makini, kwa sababu maeneo makame ya dunia, kwa ukubwa wake na kwa jinsi yanavyoitikia kila mvua, huchangia sehemu kubwa ya tofauti inayojitokeza mwaka hadi mwaka katika kiasi cha kaboni kinachofyonzwa na nchi kavu.

Maswali yanayoulizwa huko ni mawili. La kwanza ni mimea imefunika asilimia ngapi ya ardhi, na ni mimea ya aina gani. La pili ni kama ardhi pamoja na mimea yake, kwa hesabu ya mwaka mzima, imefyonza hewa ukaa kuliko ilivyoitoa, au imefanya kinyume chake. Watu wengi, hasa wanaofanya biashara ya hati za kaboni, hudhani kwamba aliyejibu swali la kwanza amekwisha kulikaribia la pili: penye kijani kingi pana kaboni nyingi. Katika msitu mnene wa mvua dhana hiyo haimpotoshi mtu sana. Katika nyika ya pakanga inampotosha, na sababu zake huonekana vizuri mtu anapoelewa vipimo vyenyewe vinavyofanyika.

Mahali pazuri pa kulifuatilia jambo hili ni bonde la Reynolds Creek, kusini-magharibi mwa Idaho, lenye eneo la kilomita za mraba 239, ambalo Wizara ya Kilimo ya Marekani imelitumia kama eneo la utafiti tangu 1960. Sehemu ya chini ya bonde iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, nayo hupata mvua na theluji isiyofika milimita 300 kwa mwaka. Juu kabisa, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200, kiasi hicho huongezeka zaidi ya mara tatu. Anayepanda bonde hilo huzipita aina za pakanga moja baada ya nyingine: chini ile ya Wyoming, inayovumilia ukame, katikati, penye udongo wa mawe usio na kina, pakanga fupi, na juu ile ya milimani, iliyositawi zaidi na kuchanganyika na nyasi nyingi. Minara ya kupima kaboni imesimamishwa katika ngazi hizo, hivyo bonde moja huwapa watafiti tabianchi kadhaa kwa pamoja.

Tuanze na uoto, ambao huonekana kuwa kazi rahisi. Njia iliyozoeleka ya ardhini ni kutandaza tepu ya kupimia na kushusha pini nyembamba kwa umbali ulio sawa, kisha kuandika kila kitu ambacho pini imegusa: jani la kichaka, jani la nyasi, takataka za mimea, jiwe, udongo mtupu. Katika mpango wa taifa wa Idara ya Usimamizi wa Ardhi ya Marekani, kila kiwanja hupimwa kwa mistari mitatu ya mita 25, na pini hushushwa kila baada ya nusu mita, hivyo pini 150 kwa jumla. Pini ikigusa pakanga mara 30, ufunikaji wa pakanga huwa asilimia 20.

Hesabu hiyo ina mambo mawili yasiyoonekana kwa anayesoma jedwali tu. Kwanza, kwa pini 150, asilimia 20 iliyopatikana ina kosa la sampuli linaloweza kufika asilimia sita hivi juu au chini. Kwa hiyo kiwanja kilichosomeka 20 mwaka huu na 16 mwaka ujao huenda hakijapoteza hata tawi moja. Pili, jibu hutegemea maana ya neno kufunika. Kwa pini, nafasi iliyo wazi kati ya matawi huhesabiwa kuwa wazi. Kwa njia nyingine, ambayo Canfield aliieleza mwaka 1941, mpimaji huandika urefu wa tepu uliofunikwa na mwavuli wa kichaka kuanzia ukingo hadi ukingo, na vinafasi vidogo vya ndani huwa sehemu ya mwavuli. Kichaka kilekile, siku ileile, hupata asilimia mbili tofauti bila yeyote kukosea. Mara nyingi mabishano ya namna hii, kwamba uoto umepungua au haukupungua, huanzia hapo, na ni ajabu jinsi ripoti nyingi zinavyotaja asilimia bila kutaja njia iliyotumika kuipata.

Tepu haiwezi kupita kila mahali katika nyika ya mamilioni ya hektari, kwa hiyo kazi hukabidhiwa setilaiti. Pikseli, yaani nukta moja ya picha, ya setilaiti za Landsat za Marekani ina upande wa mita 30, yaani mita za mraba 900, na kumbukumbu za ukubwa huo zinarudi nyuma hadi miaka ya 1980. Kinachosomwa ni tofauti ya jinsi ardhi inavyoakisi mwanga mwekundu na mwanga wa infraredi ya karibu: jani bichi hula ule mwekundu na kuurudisha huu mwingine kwa wingi. Tofauti ya mianga hiyo miwili ikigawanywa kwa jumla yake, hupatikana faharisi ya ukijani, ambayo katika msitu hukaribia 0.8 au 0.9.

Pakanga huisumbua faharisi hiyo. Majani yake ni madogo, yana ncha tatu, na yamefunikwa na vinyweleo vyeupe vinavyomsaidia mmea kupunguza joto na upotevu wa maji, na vinyweleo hivyo ndivyo vinavyoupa rangi ya kijivu. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya pikseli si mmea kabisa. Ni udongo uliopauka, mawe, miti mikavu na utando wa kuvumwani na bakteria unaoishi juu ya udongo. Setilaiti basi hupokea zaidi mwanga wa udongo kuliko wa mmea, na udongo ukilowa baada ya mvua faharisi hubadilika hata kama hakuna jani jipya lililochipua. Mwaka 1988 Huete alipendekeza faharisi yenye marekebisho ya udongo, ambayo ilipunguza tatizo bila kuliondoa. Siku hizi ramani hutengenezwa kwa programu zinazojifunza kutokana na maelfu ya viwanja vilivyopimwa kwa pini, kisha hukadiria kwa kila pikseli, mwaka kwa mwaka, asilimia ya vichaka, ya nyasi za kudumu, ya nyasi za msimu mmoja, ya miti na ya udongo mtupu. Jukwaa la Rangeland Analysis Platform, linalotokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Montana na Wizara ya Kilimo, hutoa ramani za namna hiyo kuanzia 1986. Ni hatua kubwa mbele, ila msomaji akumbuke kwamba ramani iliyofunzwa kwa pini hurithi pia makosa ya pini.

Leza ya kurushwa kutoka kwenye ndege hupima kimo badala ya rangi, na kwa msitu imeleta mapinduzi. Kwa vichaka vifupi vyenye matawi machache nchani, mapigo mengi ya leza huikosa ncha na kuanguka ndani zaidi, hivyo kichaka husomeka kifupi kuliko kilivyo. Ndege ndogo zisizo na rubani, zikiruka chini na kupiga picha nyingi, zinaziba pengo hilo kwa eneo dogo.

Sasa kaboni, ambayo ndiyo ngumu hasa. Mnara wa kuipima ni nguzo ya chuma yenye urefu wa mita chache tu, kwa kuwa vichaka ni vifupi. Juu yake kuna kipimaupepo cha mawimbi ya sauti, kinachosoma mwendo wa upepo katika pande zote tatu, pamoja na kipimagesi kinachopitisha mwanga wa infraredi hewani ili kujua hewa ukaa iliyomo. Vyote viwili husoma mara 10 au 20 kwa sekunde. Wazo lenyewe, ambalo Swinbank wa Australia alilionyesha kwa vitendo mwaka 1951 kwa kupima joto na mvuke, ni kwamba upepo karibu na ardhi hausafiri kwa utulivu. Hujikunja katika mizunguko mikubwa na midogo, sehemu ikipanda na sehemu ikishuka. Kama upepo unaoshuka una hewa ukaa nyingi kidogo kuliko unaopanda, maana yake ni kwamba kuna kitu chini kimeichukua. Mabadiliko ya mwendo wa wima huzidishwa kwa mabadiliko ya hewa ukaa, usomaji kwa usomaji, na wastani wa nusu saa huwa ndio mtiririko. Kwa desturi ya fani hii alama ya kutoa (−) humaanisha kwamba ardhi imefyonza, na alama ya kujumlisha (+) kwamba imetoa.

Mtiririko huo ni baki la vitu viwili. Mimea hufyonza kwa usanisinuru; mimea hiyohiyo, pamoja na vijidudu vya udongoni, hutoa kwa kupumua. Katika nyika ya pakanga viwango hivi viwili hukaribiana sana, na baki la mwaka mzima mara nyingi huwa makumi machache ya gramu za kaboni kwa mita ya mraba. Hali ni kama ya duka lenye mauzo makubwa na faida nyembamba, ambapo kosa dogo la hesabu upande wowote hugeuza faida kuwa hasara. Ndiyo maana marekebisho ambayo kwingine yangeonekana ya kupendeza wataalamu tu, hapa huamua jibu lenyewe.

Rekebisho lililo kubwa kuliko yote linahusu msongamano wa hewa. Mchana wa majira ya joto ardhi kavu hutoa joto jingi, na hewa inayopanda huwa ya moto na iliyotanuka kuliko inayoshuka. Katika hewa iliyotanuka, kila lita ina chembe chache za kila kitu, hewa ukaa ikiwemo. Kipimagesi cha wazi, ambacho hewa hukipita bila kufungiwa, huhesabu chembe zilizo katika nafasi fulani, hivyo huona upepo unaopanda una hewa ukaa kidogo kuliko unaoshuka, na hutangaza kwamba mimea inafyonza, hata kama vichaka vimefunga vitundu vya majani yake vya kupitishia hewa na havifanyi lolote. Webb, Pearman na Leuning waliieleza hesabu ya kuondoa udanganyifu huo mwaka 1980. Katika shamba lililomwagiliwa rekebisho hilo ni la wastani. Katika nyika kavu, saa sita mchana, linaweza kuwa kubwa mara kadhaa kuliko mtiririko halisi wa hewa ukaa. Kwa maneno mengine, namba inayochapishwa ni tofauti ndogo kati ya kilichopimwa na kilichokokotolewa, na usahihi wake hutegemea pia jinsi joto lilivyopimwa. Mtu anayesoma kwamba nyika fulani ilifyonza kaboni nyingi katikati ya kiangazi ana haki ya kuuliza rekebisho hilo lilifanywaje. Wakati wa baridi huongezeka tatizo jingine la jamii hiyohiyo: kifaa chenyewe hupata joto kwa umeme wake na kupasha hewa inayopita kati ya vioo vyake.

Usiku nao una kasoro yake. Upepo ukitulia, hewa ukaa inayotoka udongoni haifiki kwenye vifaa. Hujikusanya chini, na penye mteremko hutiririka kimyakimya kuelekea bondeni kama maji. Mnara husoma karibu sifuri ilhali udongo unapumua. Watafiti huzitupa nusu saa zote ambazo msukosuko wa hewa haukufika kiwango kilichowekwa, kisha huzijaza kwa makadirio yanayotokana na joto la udongo na unyevu wake. Ukijumlisha na data zilizoharibiwa na theluji, mvua na kukatika kwa umeme, sehemu isiyo ndogo ya mwaka huwa imejazwa kwa hesabu. Hakuna ubaya katika hilo ikiwa limeelezwa wazi.

Kujaza huko hutatizwa na tabia moja ya udongo mkavu, ambayo historia yake inafika hadi kwetu. Katika miaka ya 1950 H. F. Birch, akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo na misitu cha Muguga, karibu na Nairobi, alichunguza udongo uliokaushwa na kuloweshwa tena, akaona kwamba vijidudu huamka kwa ghafla na kutoa hewa ukaa kwa wingi kuliko udongo uliokuwa na unyevu muda wote. Makala yake ya mwaka 1958 inatajwa hadi leo, na tukio lenyewe huitwa kwa jina lake. Katika nyika ya pakanga, mvua ndogo ya Agosti ambayo haifiki kwenye mizizi ya kichaka inatosha kuamsha vijidudu vya sentimita chache za juu. Kwa siku moja au mbili ardhi hutoa kaboni bila mimea kufyonza chochote cha maana. Fomula inayotegemea joto pekee haiwezi kuliona tukio hilo, na setilaiti inayopita kila baada ya siku kadhaa haiwezi pia, kwa kuwa hakuna kilichogeuka kijani.

Kinyume chake hutokea majira ya kuchipua. Theluji ikiyeyuka taratibu, maji huzama chini, na pakanga, yenye mizizi inayoweza kufika mita mbili na zaidi, huendelea kuyatumia hata nyasi zinapoanza kunyauka. Richards na Caldwell walionyesha mwaka 1987, kwa kutumia mmea huuhuu, kwamba usiku mizizi hupandisha maji kutoka tabaka za chini na kuyaachia katika udongo mkavu wa juu. Pakanga haipukutishi majani yote: huota majani makubwa masika, huyaangusha joto likizidi, na kubaki na madogo yanayopita majira ya baridi. Kwa hiyo mmea ambao kwenye picha unaonekana vilevile wa kijivu mwezi Mei na mwezi Septemba unaweza kuwa unafyonza kwa nguvu katika mwezi mmoja na kujifunga katika mwingine. Jambo linalotenganisha hali hizo mbili ni maji yaliyo chini ya ardhi, ambayo faharisi ya ukijani haiyaoni.

Hata kama vipimo vyote viwili vingekuwa kamili, kuvilinganisha kungebaki na ugumu wa mahali. Pikseli imesimama palepale. Mnara husoma eneo lililo upande unakotoka upepo, ambalo hubadilika kila nusu saa. Kwa kanuni ya kukadiria tu, hufika umbali wa takriban mara mia moja ya kimo cha vifaa, yaani mita mia chache, na usiku hewa inapotulia hurefuka. Kama upande wa magharibi wa mnara una pakanga nyingi na upande wa mashariki una nyasi, basi mwezi wenye pepo za magharibi utatoa jibu la pakanga, na mwezi mwingine jibu la nyasi, bila nyika kubadilika. Kuchukua wastani wa uoto wa mraba unaouzunguka mnara na kuuweka kando ya kaboni ya mwaka ni njia ya mkato ambayo inapaswa kuachwa. Katika wastani wa ramani ya uoto, sehemu ambako upepo ulitoka zaidi zipewe uzito zaidi.

Mfano unaozileta hoja hizi pamoja ni wa nyasi vamizi Bromus tectorum, iliyoingia Amerika kutoka Ulaya na Asia katika karne ya 19. Huota vuli au mapema masika, hujaza nafasi zilizo wazi kati ya vichaka, hutoa mbegu, na kufikia Juni au Julai huwa imekauka. Picha ya setilaiti ya mwezi Aprili huonyesha ardhi yenye kijani kuliko ilivyokuwa enzi za pakanga, na ufunikaji kwa asilimia huweza kuwa mkubwa zaidi. Mnara nao, ukisomwa kwa wiki hizo chache, huonyesha ufyonzaji mzuri. Lakini mizizi ya nyasi hiyo ni mifupi, haina shina la mti linalohifadhi kaboni kwa miongo, na miezi inayofuata udongo huendelea kupumua bila mmea wa kufidia. Nyasi kavu pia huunganisha kichaka na kichaka, hivyo moto ambao zamani ungekwama kwenye udongo mtupu hupata njia.

Agosti 2015 moto ulioitwa Soda uliteketeza zaidi ya hektari 110,000 za mpaka wa Idaho na Oregon, zikiwemo sehemu za Reynolds Creek. Kaboni iliyotoka kwa moto wa namna hii haimo katika hesabu ya mtiririko wa mnara, kwa sababu njia ya mizunguko ya upepo imetengenezwa kwa ajili ya kupumua kwa taratibu kwa nusu saa nyingi, na haifai kwa mwako wa saa moja. Vivyo hivyo haimo kaboni inayotoka na ng'ombe aliyenenepa na kuuzwa, wala ile inayochukuliwa na upepo na maji pamoja na udongo. Mnara unaweza kusema kweli kabisa kwamba nyika ilifyonza miaka kumi mfululizo, na bado nyika ikawa imepoteza.

Baada ya moto pakanga kubwa haichipui kutoka kwenye kisiki. Hurudi kwa mbegu tu, na mbegu nyingi huanguka karibu na mama yake. Juu milimani, penye unyevu, usanisinuru wa jumla umeonekana kurejea katika miaka michache baada ya moto wa kupangwa, yaani uliowashwa kwa makusudi, ukifanywa hasa na nyasi na mimea ya maua iliyotangulia vichaka. Huko chini, penye ukame, nafasi huchukuliwa kwa urahisi na nyasi vamizi. Ndiyo sababu ramani za sasa hutenganisha nyasi za msimu mmoja na zile za kudumu badala ya kutoa asilimia moja ya kijani, na ndiyo sababu mtafiti anayetaka kuhusisha ramani na mnara huanza na mgawanyo huo wa nyasi kabla ya kitu kingine chochote kilichomo kwenye ramani.